Kaburi la Migomba

Mgomba uliokatwa asubuhi una harufu yake. Haifanani na ya ndizi wala ya majani. Ni harufu ya maji yaliyofungiwa gizani, pamoja na kitu kama chuma. Sisi tuliokulia Rungwe tunaifahamu kwa sababu kila jambo kubwa kwetu huanza kwa kukata migomba: arusi, msiba, ugeni wa askofu. Juzi jirani yangu alikata magogo ya kujengea geti la arusi ya mwanawe, na mimi, mwanamke mzima mwenye shamba langu la parachichi, nikasimama barabarani na kikapu mkononi nikashindwa kupita. Vijana waliokuwa wakiyasimika yale magogo walidhani nasubiri kukaribishwa. "Mama, chai bado," mmoja akaniambia. Nikacheka, nikaendelea na safari. Lakini siku nzima akili yangu ilikuwa kwenye kambi moja ya watoto, miaka mingi nyuma.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule. Baba alikuwa ametangulia zamani kidogo, na mama akamfuata masika ile. Nilikuwa kidato cha kwanza, wa kwanza kuzaliwa kati ya watatu. Nyuma yangu alikuwa Lusajo, darasa la tatu, mwembamba kama mpini wa jembe, na wa mwisho Sekela, ambaye shule alikuwa hajaianza. Mama tulimzika nyumbani, kama ilivyo kwetu, pembeni ya migomba, karibu na jiko kiasi kwamba ukimwaga maji ya vyombo kwa nguvu yanafika kaburini. Nilijifunza kumwaga taratibu.

Siku ya kumaliza matanga nguo za mama zilitandazwa kwenye mkeka, ndugu wakagawana. Kwa utoto wangu nilikuwa na tafsiri yangu ya ile desturi. Nilidhani nguo za marehemu hupelekwa mbali mbali, hii Kyimo, ile Mbeya, ili marehemu akitaka kurudi asikute cha kuvaa. Basi nikawa naangalia kila nguo inakoelekea, na kila iliyoondoka nikaiona kama mlango unaofungwa. Sweta lake la kijani, lenye vifungo vyeupe na kiraka cha bluu kwenye kiwiko, pamoja na kitenge chake cha ndege, alivichukua mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, ambaye alikuwa akiishi Tunduma. Alipolikunja lile sweta na kulitia kwenye begi lake nikajua mama sasa harudi tena. Leo naelewa kuwa nguo hugawanywa ili kila mtu abaki na kidogo cha mtu wake. Hata hivyo maana ile ya kwanza haijanitoka kabisa.

Na sisi pia tulikuwa tugawanywe. Hilo nililipata kwa baba mkubwa mwenyewe, kaka yake baba, aliyekuja kutoka Lufingo na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda uani. Hakuwa mtu wa kuficha maneno.

"Lusajo atakuja kwangu, ng'ombe wanahitaji mtu. Huyu mdogo atakwenda na mama yake mdogo, Tunduma kuna shule. Wewe tutakutafutia kazi Mbeya, kwenye nyumba ya watu wa kanisani. Kikao tutakaa Jumapili, watoto wakishafunga ile kambi yao, tuyamalize."

"Na nyumba hii, baba?"

"Nyumba hailii, mwanangu. Nyumba inasubiri."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mtu mkali unaweza kumkasirikia.

Hiyo kambi aliyoitaja ilikuwa ya sanaa, imeandaliwa na kanisa kwa ajili ya likizo ya mwezi wa sita. Watoto walikuwa wafundishwe kuchora, kufinyanga, kuimba na kuigiza, na kila mmoja alitakiwa aje na sahani na kikombe chake. Aliyeisimamia alikuwa mama mchungaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba. Nilimfuata akiwa anaanika mahindi.

"Ugonile?" alinisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama."

"Umekuja kuandikisha wadogo zako?"

"Ndiyo, mama. Na mimi nataka kujitolea."

"Kujitolea nini? Wewe mwenyewe si mtoto?"

"Kuteka maji, kupika uji, kuosha vyombo. Chochote."

Akaacha mahindi, akaniangalia. "Unataka nini hasa, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine. "Nataka uone kama naweza kulea. Halafu Jumapili kwenye kikao useme ulichokiona."

Akayageuza mahindi yake. "Nitasema nitakachokiona," akajibu. "Kikiwa kibaya pia nitakisema."

Mwezi wa sita kwetu ndio wakati wa baridi. Ukungu unateremka kutoka Mlima Rungwe na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa natoka nyumbani na wadogo zangu kabla hakujapambazuka vizuri, nawasha moto nyuma ya ukumbi wa kanisa, nakoroga uji wa ulezi kwenye sufuria lililonizidi kimo nikichuchumaa. Watoto walitokea mmoja mmoja. Kwanza unasikia kikombe kinagonga sahani, hujui ni nani wala yuko umbali gani, kisha ghafla sura inatokea mbele yako imelowa umande kwenye kope. Mpaka leo naona kuwa hivyo ndivyo watu wangekuja kama wangekuja kutoka upande wa pili.

Maigizo yalifundishwa na kijana mmoja wa Mbeya mjini tuliyemwita Mwalimu Amba. Alivaa kofia ya sufi hata ndani ya ukumbi, na alikuwa hajui kuongea akiwa amesimama mahali pamoja. Igizo alilochagua ni ile hadithi ya Biblia ya rafiki aliyekufa, akazikwa pangoni, akakaa humo hata ndugu wakakata tamaa, halafu akaitwa akatoka na sanda yake. Kaburi tulilijenga uwanjani kwa magogo ya migomba yaliyokatwa asubuhi hiyohiyo, kuta mbili na paa la majani. Jiwe la mlangoni lilikuwa boksi kubwa la friji lililopakwa majivu. Ukilisogelea, ile harufu ya maji ya gizani inakupokea usoni.

"Oya wadogo, tulieni! Nani atakuwa marehemu?"

"Mimi mwalimu! Mimi!" Wote walinyoosha mikono, wengine miwili miwili.

Akamchagua Lusajo. "Huyu sanda zitamtosha," alisema, watoto wakacheka, na Lusajo akavimba kichwa kama amepewa ukuu wa wilaya. Mashuka ya zamani yalichanwa vipande, wakamviringisha kuanzia miguuni hadi usoni, wakamlaza ndani, wakafunga boksi. Tukasubiri. Kisha kutoka kaburini ikatoka sauti nyembamba:

"Mwalimu, marehemu anataka kukojoa."

"Marehemu avumilie, Bwana yuko njiani!"

Ilikuwa hivyo siku za mwanzo, kicheko juu ya kicheko. Mimi nilicheka pia, na masizi mikononi. Lakini tatizo lilikuwa ni nani atakayeita. Wazee wa kanisa walikuwa wamekataza mtoto kuigiza kama Bwana. Walisema sauti peke yake inatosha. Mwalimu Amba akatafuta njia. Nyuma ya ukumbi palikuwa na pipa la plastiki lililokaa tupu mpaka nilijaze maji mchana, baada ya mazoezi. Asubuhi moja, ukungu ukiwa umemeza hata lile kaburi, akainamia lile pipa, akaingiza kichwa na mabega, akaita.

"LUSAJO! TOKA NJE!"

Mimi nilikuwa nimesimama palepale na ndoo zangu, nikiona kofia yake imedondoka chini. Nilijua ni yeye. Pamoja na hayo nywele zilinisimama, kwa sababu sauti haikutoka kwake. Ilitoka ardhini, ikazunguka uwanja, ikatafuta mtu. Na aliyeitwa kwa jina ni mdogo wangu. Boksi likasogea, akatoka mtu mweupe asiye na uso, akienda kwa kurukaruka kwenye ukungu huku mikono imefungwa.

"Kwa nini umetaja jina lake kabisa?" nilimuuliza mwalimu baadaye, nikimpa kofia yake.

"Lazima, dada. Ukisema 'toka nje' tu, makaburi yote ya Rungwe yatafunguka. Unamtaja unayemtaka." Akacheka, akaenda zake. Ni maneno ambayo wahubiri huyasema mara nyingi. Lakini Sekela alikuwa ameshika khanga yangu, akisikia.

Sekela alikuwa mmoja wa wafunguaji. Sauti ikishaita na marehemu akishatoka, kazi ya watoto wadogo wanne ilikuwa kumfungua sanda, wakianzia miguuni kwa sababu huko ndiko walikofikia. Kazi hiyo aliipenda mno. Akawa anafungua kila kilichofungwa: kamba za viatu vya wenzake, aproni ya mama mchungaji, mdomo wa gunia la mahindi. Siku moja mbuzi wa mchungaji alionekana akitembea katikati ya chai ya watu, na kila mtu akajua nani wa kuulizwa. Ila ile sauti ilimwogopesha. Ikiita, analia, na mikono yake midogo inashindwa kushika fundo.

Nikaamua kumtoa hofu. Nilimpeleka nyuma ya ukumbi, nikamnyanyua achungulie ndani ya pipa. "Unaona? Hakuna mtu. Ni mwalimu anaingiza kichwa humu anaita."

Akaangalia kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ukiingiza kichwa, aliyeko huko anasikia?"

"Lusajo anasikia, kwa sababu yuko hai."

"Alikuwa amekufa."

"Anaigiza, Sekela."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu mzima anayeelezwa bei, nami nikadhani ameelewa. Tangu siku ile hakulia tena. Mama mchungaji akaniambia, "Umemtuliza vizuri," na moyo wangu ukafurahi, nikahisi Jumapili inasogea upande wangu. Jioni hiyo, nikichambua maharage, Sekela akaniuliza, "Dada, mama alikuwa anaitwa nani?"

"Atupele. Si limeandikwa pale msalabani? Kwa nini?"

"Basi tu."

Ikafika Jumamosi, siku ya kufunga kambi. Wazazi na walezi walikuwa waje mchana kuona igizo. Niliamka nikawasha moto jikoni ili tunywe chai kabla ya kutoka. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mlangoni sikuona hata kizingiti cha nyumba kubwa. Nikiwa nimepiga magoti napuliza kuni, nikaisikia.

"Atupele! Toka nje!"

Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa na ule mwangwi wa ndani ya kitu. Ilitoka upande wa kaburi, chini, usawa wa udongo. Nilibaki na mdomo umejaa hewa. Nilifikiria mambo mengi kwa pamoja: kwamba tumecheza na kitu kisichochezewa, kwamba sasa jina limeshatajwa na haliwezi kurudishwa mdomoni. Ikaita tena. Ndipo nikajua ni sauti ya Sekela, miguu yangu ikapata nguvu.

Niliwakuta wote wawili pembeni ya kaburi. Sekela amepiga magoti, kichwa chote ndani ya ndoo yetu ya maji iliyokuwa tupu. Lusajo amesimama nyuma yake na zile sanda zake begani, maana alikuwa analala nazo zisipotee.

"Mnafanya nini?"

"Nimemkataza, dada," Lusajo akasema haraka. "Amesema nisipomsomea jina pale msalabani atafungua kuku wote."

"Sekela, toa kichwa humo."

Akatoa kichwa, lakini hakuniangalia mimi. Alikuwa akiangalia kwenye migomba. Na mimi nikasikia: majani makavu yanakanyagwa. Hatua, kisha kimya. Hatua nyingine. Kuna njia ya mkato inapita katikati ya ile migomba, ila asubuhi ile haikuonekana, na mtu hapiti bila kupiga hodi. Halikuja neno lolote. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona kijani. Nikaona vifungo vyeupe. Nikaona kitenge cha ndege, na kiwiko chenye kiraka cha bluu.

Lusajo aliangusha sanda zake akakimbilia nyumbani, nikasikia mlango unajibamiza. Mimi sikukimbia. Ningependa kusema ni ujasiri, lakini kweli ni kwamba Sekela alikuwa kati yangu na yule mtu, na sikuweza kuondoka bila yeye, wala kusogea kumfuata. Nilijaribu kuamkia. Midomo ilikataa. Yule mtu naye alikuwa amesimama wima, kichwa kimefunikwa mtandio mpaka kwenye nyusi, mikono ikining'inia kama si yake.

Sekela peke yake hakushangaa. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akamwendea. Akaanza kazi yake.

Alichuchumaa akaanzia miguuni. Akafungua kamba za viatu. Akanyanyuka, akafikia fundo la kitenge kiunoni, akalihangaikia kwa meno mpaka likaachia, na wale ndege wakaanguka chini kwenye majani. Ndani palikuwa na sketi nyeusi nisiyoijua. Akaanza vifungo vya sweta, cha chini kwanza, kisha cha juu yake, akisimama kwa ncha za vidole. Yule mtu alimwacha. Sijaona tena mtu mzima akifunguliwa hivyo na mtoto bila kupepesa macho. Mwishowe, kama aliyeamrishwa, akainama ili mikono midogo ifike mabegani, na sweta likatoka. Akabaki na fulana ya njano ya kampeni, mikono imejaa vipele vya baridi. Mtandio nao ukateleza.

Alikuwa mama mdogo.

Sekela alilishika sweta kifuani, akachungulia nyuma yake, kwenye migomba, kushoto na kulia. "Mwenyewe ameenda wapi?" akamuuliza.

Mama mdogo akaketi chini palepale, kwenye udongo wa kaburi. Kwenye msiba alikuwa ndiye wa kupika na kupokea wageni. Sikumwona akilia hata mara moja. Sasa alilia kwa sauti ambayo haikuwa na mpangilio, na mimi ndiye niliyesimama namshika bega, mtoto nimemshika mtu mzima.

"Nimesikia jina lake," akasema alipoweza. "Nimeshuka Tukuyu na gari la alfajiri, nikasema nipite njia ya mkato. Nikasikia dada yangu anaitwa, kutoka huku chini. Nikashindwa kwenda mbele, nikashindwa kurudi. Nilijiuliza, wakimwita na mimi ndiye nimevaa nguo zake, nani ataitika?"

"Ni Sekela, mama. Alikuwa anacheza na ndoo."

"Najua sasa."

"Umekuja kumchukua."

Hakukataa. "Nilitaka nimchukue leo, kabla ya kikao, nisimtoe mbele za watu analia. Kuna gari mchana huu." Akajifuta kwa kiganja. "Amenifuata mwenyewe, umeona. Hataleta shida."

Ndipo nilipoyasema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga. Yalikuja yenyewe, kwa utulivu. "Mama mdogo, ukimchukua leo, maisha yake yote atajua kuwa aliyemchukua hapa ni marehemu."

Akaniangalia kama ananiona mara ya kwanza. "Una maneno wewe mtoto," akanong'ona.

"Siyo maneno, mama. Mwangalie."

Sekela alikuwa amelikunja sweta vizuri na kuliweka juu ya kaburi. Sasa alikuwa amekaa kando yake, anasubiri.

Mchana ule mama mdogo hakwenda stendi. Alikuja kwenye igizo, akakaa benchi la nyuma na ile fulana yake ya njano, anatetemeka kwa baridi. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, uwanja umejaa watu na miavuli. Sauti ikaita kutoka kwenye pipa, wanawake wakashika vinywa, boksi la majivu likaanguka na Lusajo akatoka akirukaruka. Wakati wa wafunguaji ukafika. Sekela hakunyanyuka. Alikuwa amekaa miguuni pa mama mdogo, na alipoitwa akatikisa kichwa: "Mimi nimeshafungua." Wale wenzake watatu, kuona hivyo, wakaogopa wakarudi kwa mama zao. Marehemu akabaki katikati ya uwanja, amefungwa uso, anayumba. Watu wakaanza kunong'ona.

"Dada," akaita Lusajo ndani ya sanda, kwa sauti ambayo haikuwa ya igizo. "Dada, nifungue. Sioni."

Nilikuwa jikoni. Nilitoka na aproni yangu na masizi yangu, nikapita mbele ya watu wote, nikamfungua. Sikuanzia miguuni, nilianzia usoni, ili apate kuniona. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Mwalimu Amba alinyanyua kidole gumba akiwa nyuma ya pipa. Nilipogeuka, mama mchungaji alikuwa ananiangalia, na nyuma yake mama mdogo amesimama.

Kikao kilikaa uani kwetu, Jumapili baada ya ibada. Baba mkubwa kwenye kigoda, wazee wawili wa ukoo kwenye benchi, wanawake kwenye mkeka. Nilipika mbalaga, ndizi za kuchanganya na maharage, nikasimama mlangoni mwa jiko. Mama mchungaji aliongea kwanza.

"Niliahidi kusema nilichokiona. Nimeona mtoto anayeamka kabla ya wenzake na kula baada yao. Wadogo zake hawajaja hata siku moja bila kunawa. Baya nililoliona ni kwamba hajui kupumzika."

"Ndaga," baba mkubwa akamshukuru. "Hayo ni mazuri. Lakini bado ni mtoto. Mama mdogo, wewe utaondoka lini na huyu mdogo?"

"Simchukui, shemeji."

Benchi likalia. "Tulikubaliana," baba mkubwa akasema.

"Tulikubaliana. Lakini jana nimefika hapa na nguo za marehemu mwilini, nikakuta anaitwa kwa jina lake. Nimevuliwa na mwanawe juu ya kaburi. Mimi siwezi kumtoa mtoto mahali hapo. Nitakuwa nakuja. Kumtoa, hapana."

Wazee wakatazamana. Nikaona jinsi mambo yanavyogeuka, na nikaona pia kuwa yanageuka kwa sababu ya hofu. Sikutaka tubaki pamoja kwa uongo. Nikatoka mlangoni nikapiga magoti. "Baba, hakuna mtu aliyefufuka. Walikuwa wanacheza igizo la kambini. Sekela aliingiza kichwa kwenye ndoo."

Baba mkubwa alichora chini kwa ncha ya fimbo. "Najua walikuwa wanacheza, mwanangu," akasema. "Watoto hucheza kila siku. Ninachojiuliza ni nani aliyemleta mama yenu mdogo katikati ya mchezo, saa ileile, na nguo zilezile."

Kuku alipita katikati ya kikao, hakuna aliyemfukuza.

"Kaeni," akasema mwisho. "Tuone mpaka mahindi yajayo. Nitapita kila nikienda sokoni."

Mahindi yakaja, tukavuna, akapita, akaondoka bila kusema kitu, na mwaka mwingine vilevile. Nilichuma chai ya watu kwa kibarua, nikapanda viazi, nikajifunza kukaripia kwa sauti ya mama. Mama mdogo alikuja kila alipoweza, ila sweta lile hakulivaa tena mbele yetu. Kulikuwa na siku za njaa na siku za kukata tamaa, na mara moja Lusajo alitoroka akaenda mpaka Kyimo, nikamrudisha kwa mkono. Sasa yeye ni seremala, ana watoto. Sekela nilimsomesha mpaka akawa muuguzi.

Mwaka jana alijifungua, akaja kukaa kwangu wiki za kwanza. Mchana mmoja alikuwa ananyonyesha kibarazani, mimi namenya viazi, tukawa tunakumbushana vituko vya ile kambi: marehemu kutaka kukojoa, mbuzi wa mchungaji. Tukacheka. Nikamwambia, "Na wewe uliyemvua mama mdogo ukidhani ni mama."

Akaacha kucheka. "Nani alidhani ni mama?"

"Wewe. Si ulimfungua?"

"Dada, mama mdogo nilimjua tangu anakanyaga majani. Nilimfungua kwa sababu alikuwa amezubaa pale mbele, hasogei, anamzuia." Alisema kama mtu anayeeleza jinsi chumvi ilivyomwagika. "Mama alikuwa nyuma yake, kwenye migomba."

Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi. Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Wala hakuniangalia." Akambadilisha mtoto titi, akamfunika kichwa. "Alikuwa anakuangalia wewe, namna mtu anavyomwangalia aliyempokea mzigo. Halafu akageuka."